Mzee Methusela Matonya na Siku Nne za Mafuriko

Ndugu waombolezaji, mimi ni Adamu, mdogo wake marehemu. Kaka yangu Methusela Matonya alizaliwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, tarehe 14 Machi 1957.

Alisoma hapo hapo Kibakwe hadi darasa la saba, mwaka 1972. Hesabu alikuwa mkali. Kuimba hakuweza, na kwaya ilimvumilia miaka thelathini.

Mwaka 1978 aliajiriwa reli, genge la Gulwe, kutengeneza njia na kuondoa magugu. Adui yake alikuwa ndago. Wenzake walipozifyeka, aliwaambia, "Hapo mmezinyoa tu. Kiazi kiko chini, wiki ijayo mtazikuta." Alistaafu mwaka 2017.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu Yudith, wakajaliwa Lea na Geofrey.

Mei 2023 alikutwa na saratani ya kongosho. Lea alimchukua kwake Nzuguni, akamuuguza. Dawa za dripu ziliupunguza uvimbe, akaruhusiwa, Lea akampeleka Gulwe kula sikukuu ya Krismasi. Mvua ikakata barabara, wakachelewa dawa siku nne. Mwezi Machi uvimbe ukakua tena, na mimi, kwenye kikao cha ukoo, nikasema, "Lea, umemchelewesha baba yako." Tangu siku hiyo chakula kikawa hakimpiti Lea.

Kaka hakukubali. Alinichukua hadi kwa daktari, akauliza mwenyewe. Daktari alisema kwenye uvimbe wa namna ile zipo seli chache zinazoitwa seli shina, zinazozaa nyingine. Dawa huua zile nyingi, hizo chache huweza kupona na kuanza upya. "Mzee, siku nne si sababu."

Kaka alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ndago!" Kisha akanigeukia. "Adamu, siku ya kunizika wasifu utasoma wewe. Na hili ulisome."

Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lea. Tumelia, lakini tumepumua pia, maana maumivu yale yalikuwa yamezidi.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Lea mwanangu, hukumchelewesha baba yako. Niliyekosea ni mimi, na nakuomba msamaha mbele ya hao hao walionisikia. Leo ule, mama.

Kaka, nimesoma. Pumzika kwa amani.