Shangazi Simama-Nikuone

Ndugu waombolezaji, najua hamtaamini kwamba ninayesoma ni mimi, hasa mnaokumbuka nilivyoikimbia shule mapema, ila wenye vyeti katika ukoo huu sauti zao hazifiki hata mlangoni, ndiyo maana nimesimama mimi, na anayedhani natia chumvi amuulize Fundi Viatu, mume wa marehemu, yule pale mbele kwenye kiti chake cha magurudumu.

Shangazi yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, na tarehe 2 Juni 1981 akaajiriwa chumba cha bili hospitalini, kazi yake ikiwa kumwandikia kila mgonjwa namba ya hali yake, ile ambayo bima huisoma ndipo ilipe. Sasa, hospitali ile kila aliyeruhusiwa alisukumwa kwa kiti hadi getini, hata aliyeng'olewa jino, na makarani wakimwona tu kitini wanampa namba ya asiyeweza kutembea, bima ikachoka kudanganywa, ikawakatalia hadi wasiojiweza kweli, ndipo shangazi akaanza kwenda wodini mwenyewe, haandiki kitu kabla hajasema, "Simama nikuone," na jina likamganda.

Mwaka 1988 akamkuta Fundi, nyonga imevunjika vibaya, akamuuliza kama anatembea, na huyu mzee, kwa kuwa muulizaji alikuwa mrembo, akajibu anamshinda askari wa gwaride, jibu ambalo lingemnyima kiti cha kulipiwa na bima na kumfungia ndani maisha yake yote. Shangazi akafunga kalamu. "Haya kaka, nisindikize mpaka mlangoni." Hakufika, alikwama kitanda cha pili, amekumbatia miguu ya mgonjwa mwingine. Namba sahihi ikaandikwa, kiti kikaja, na tarehe 14 Januari 1989 kiti hicho hicho kikamleta bwana harusi, wakajaliwa binti na kijana, wote wabishi.

Alistaafu mwaka 2016, akaanza kuugua uti wa mgongo Aprili 2022, akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu. Tunawashukuru madaktari, majirani, na nyinyi makarani wa bili, mnaowasimamisha wagonjwa mpaka leo kana kwamba mbinu ni yenu.

Karatasi ya familia inaishia hapo, ila kuna kipande nimekiruka, mwenyewe alikataza kisisomwe. Mwaka wa mwisho miguu ilimgomea, karani akaja nyumbani kumwandikia namba, na shangazi, yeye kabisa, akadai anatembea vizuri tu. Fundi akasogeza kiti hadi kitandani. "Haya dada, nisindikize mpaka mlangoni." Shangazi alicheka hadi machozi, akakubali, na tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na viti viwili, mlango mmoja, na ubishi usiokwisha wa nani atangulie.

Leo umetangulia wewe, Shangazi. Pumzika kwa amani, Fundi tutamsukuma sisi.