Kikombe Kisicho na Mkono

Benchi letu liko mbele ya duka langu la chambo hapa Wyandotte, hatua kumi kutoka gatini, na Mto Detroit unapita mbele yake kama mtu aliyechelewa kazini. Kahawa ni yangu, vikombe vya bati ni vyangu, uongo ni wa wote. Aprili hii samaki wetu, woleye, wanapanda mto kwa wingi, na kila boti inarudi na wa kukaanga. Kila boti ila moja. Hiyo ni ya Kazimierz Pietrowiak, tunayemwita Chubwi, kwa sababu kwa miaka arobaini hakuna aliyejua kugusa sakafu ya mto kwa chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, kama yeye. Sasa wiki tatu hajapata hata wa kumdanganyia paka. Asubuhi ninayoisimulia boti yake ilikuwa imefungwa kibao cha INAUZWA, na mnunuzi alikuwa njiani. Nilikuwa namimina kahawa huku moyo unaniuma.

Aliyeanza ni Meya. Jina lake Dominic Fanelli, na hajawahi kugombea cheo chochote, ila anatawala. Marehemu mke wa Chubwi alikuwa dada yake.

MEYA: Huyo mnunuzi anakuja saa ngapi?

CHUBWI: Saa nne. Na usinianze, shemeji.

MEYA: Sikuanzi, nakumaliza. Tatizo lako nalijua tangu Pasaka. Ni injini. Nani alikutuma ukanunue injini Ohio?

CHUBWI: Injini ya Ohio imefanyaje?

MEYA: Woleye wa Michigan amfuate mtu wa Ohio? Akisikia tu ule mngurumo anageuza mkia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, bwana!

Hapo Profesa akanyanyua kidole. Huyu ni Gabor Szendi. Hajafundisha popote, lakini husoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti.

PROFESA: Injini si kitu. Ni waya. Meli za madini zinapita hapa kutwa, chuma tupu. Mshipi wa Chubwi nao ni waya wa chuma. Chuma kwa chuma, inaingia sumaku. Woleye anashikwa na kizunguzungu, anaogelea kinyumenyume, anaipita ndoana kwa mkia.

MIMI: Mbona na wako ni waya vilevile?

PROFESA: Wangu naupaka mafuta ya soseji.

MEYA: Ndiyo maana ukitia nanga unapokewa na mbwa.

PROFESA: Cheka tu. Samaki mkunje angali mbichi!

MEYA: Hiyo ni ya kulea watoto, wewe!

PROFESA: Kwani woleye hana watoto?

Chubwi hakucheka. Alikuwa amekumbatia kikombe chake, kile kilichokatika mkono miaka hiyo, ambacho sisi wengine hatukigusi. Ni bati tupu, na kahawa yangu huiondoa jikoni ikiwa bado inatokota. Tulikuwa tunamsifu kwa hilo. Mwanamume wa kiwanda cha chuma, tunasema, hana haja ya kishikio.

CHUBWI: Nisikilizeni. Mimi sijabadilisha kitu. Napandisha boti dhidi ya maji, taratibu. Mkono wa kushoto usukani, wa kulia waya. Nainua, nashusha, nangoja ile *ti* ya chubwi kwenye changarawe. Woleye yuko hapohapo chini, ukipita juu yake kimo cha mtu umemkosa. Sasa *ti* naipata moja, halafu kimya. Nashusha, nashusha, kimya. Nimeshalijua jambo lenyewe. Mto umepoteza chini.

Jana yake tu nilikuwa nimevua palepale anapovua yeye, na chini niliigonga mara mia. Lakini utamwambia nini mtu aliyekufundisha?

MEYA: Wameichota Wakanada wa ng'ambo ile.

PROFESA: Usiku. Na majahazi ya changarawe.

MEYA: Wanatandika barabara na chini yetu, Chubwi! Mvumilivu hula mbivu, wametuvumilia miaka yote hiyo, sasa wanakula.

PROFESA: Na woleye anaifuata chini yake. Ikihama, naye anahama. Hana pasi, nani atamzuia?

MEYA: Afadhali wewe umepoteza chini tu. Kuna yule wa Trenton, kapoteza akili. Kile kigurudumu cha springi kinachovuta waya, amekifunga ubavu wa kushoto!

PROFESA: Kushoto? Huyo havui, anapunga mkono kwa heri.

CHUBWI: Baba yangu alifunga kulia. Nitazikwa kulia.

Tukaangua kicheko, na kicheko kikamkuta mama mmoja ameshasimama mbele yetu, kofia ya sufu kichwani, funguo za gari mkononi.

— Habari zenu. Mimi Lorene Tibbs, natoka Ecorse. Nimekuja kuona boti.

Nikampa nafasi na kikombe chenye kishikio. Akavuta mkono wa sweta ndipo akakishika. Kumbe alipikia shule miaka ishirini na sita, amestaafu, anataka kujifunza mto. Basi Meya na Profesa wakamwangukia: injini ya Ohio, sumaku, majahazi ya Kanada. Yeye akawa anaitikia kwa adabu, lakini macho yake hayakuwa kwa waliokuwa wakisema.

LORENE: Samahani, mzee. Hicho kikombe hakikuchomi?

Kidole cha Profesa kilibaki hewani bila kazi. Chubwi aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba kuna mtu ameusahau pale. Kiganja kilikuwa chekundu. Akakihamishia kikombe kushoto.

— Mama yangu wee!

Kikombe kikaruka, kahawa yote juu ya viatu vyangu. Miaka thelathini ya nyundo ya hewa kiwandani ilikuwa imeuua mkono ule, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kikombe hicho kila asubuhi, nikicheka. Niliona aibu, na naiona hadi leo.

CHUBWI: Vidole nilijua vinakufa ganzi. Nilidhani ni baridi.

MEYA: Aprili yote, shemeji? Jumatatu nakupeleka hospitali, na usinijibu.

Chubwi alikuwa anaitazama mikono yake, mmoja, kisha wa pili. Halafu akasimama.

CHUBWI: Mama Lorene, nisamehe, nimekusumbua bure. Wewe mwenye duka, una spana ya nusu inchi?

PROFESA: Ya nini?

CHUBWI: Kigurudumu kinahamia kushoto. Usukani ndio utashikwa na huyu aliyelala.

MEYA: Na baba yako je?

CHUBWI: Baba yangu mikono yote miwili ilikuwa macho.

Tukamfuata gatini. Lorene ndiye aliyemshikia skrubu, maana sisi watatu tulikuwa tunatoa amri tu. Boti ikiwa bado imefungwa kamba, Chubwi akatia chubwi majini, akaukamata waya kwa mkono wa kushoto, kwa woga, kama mtu anayebeba mtoto wa wenyewe. Akashusha. Akainua. Akashusha tena.

Chubwi akafumba macho.

— Ipo, akasema. Chini ipo.

Meya akageuka upande, akawa anakifungua kile kibao cha INAUZWA, na kamba ikamshinda kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Lorene akaingia botini, akaketi mbele, akauliza jaketi la kujiokolea liko wapi.

— Si niliwaambia? Profesa akapaza sauti. Wakanada wameirudisha!