Mervyn Trewin na Karavani Iliyolala Nje ya Geti

Mervyn Alfred Trewin, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Mei 1947 mjini Kadina, Australia Kusini, akiwa kitinda mimba wa mzee Alfred Trewin, mkulima wa ngano, na mkewe Edna, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kadina, kisha shule ya ufundi hadi mwaka 1963, na walimu wake, kama angekuwapo hata mmoja leo, wangewaambia kwamba kijana alikuwa na mikono mizuri na mdomo mzito.

Mwaka 1964 alianza kazi katika karakana ya reli ya Port Augusta, akabaki humo humo hadi alipostaafu tarehe 29 Juni 2007, na alifunga ndoa na Glenys Rowett tarehe 14 Novemba 1970 katika kanisa la Kimethodisti la Moonta, ambapo shemeji yake Colin, ndiye huyu ambaye familia imemtuma kuwasomea haya, alimshuhudia bwana arusi akisahau hotuba yote, akasema asante, akaketi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Narelle, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1973.

Mwaka 1979 walinunua karavani, na tangu hapo kila Januari walifunga nyumba hiyo ya magurudumu nyuma ya gari wakaondoka, mwaka huu Ceduna, mwaka kesho Broken Hill, Narelle kiti cha nyuma na pasti yake ya nyama na viazi iliyopoa, na kila walipofika kambini kazi ya kuiingiza karavani kwa rivasi ilifanywa na watu wawili, Merv kwenye usukani, Glenys kule nyuma na kofia yake, mkono juu, kushoto, kulia, njoo, basi, na kanuni yao ilikuwa moja, kwamba Merv asipomwona Glenys kwenye kioo cha pembeni anakanyaga breki, hata kambi nzima impigie kelele. Na kelele zilikuwapo, maana mnajijua wenyewe, gari likianza tu kurudi nyuma kila mwanamume anatoka na kiti chake na bia yake kuja kutazama, na kila mmoja ana ushauri, lakini Merv hakumsikiliza mtu isipokuwa mkewe. Walipostaafu waliuza nyumba, wakaingia barabarani moja kwa moja, na Colin hajawahi kuona watu wawili wenye furaha ya kijinga namna ile.

Glenys alifariki kwa saratani tarehe 3 Agosti 2016, na hapo, tuseme ukweli, Merv naye alianza kutupotea, kwani aliendelea kuikokota karavani peke yake, akaacha kuingia kambini, akawa analala kwenye vituo vya malori kando ya barabara kuu, ambako unaingilia upande huu ukatokea upande wa pili, na njiani alipopishana na wenzake aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama tufanyavyo sote, na alimwambia Colin kwamba kuna siku kidole hicho ndicho kilichokuwa mazungumzo yake yote.

Kila Krismasi alikuja kwa Narelle mjini Murray Bridge, na mkwewe Brett alikuwa amemwandalia mahali uani, amemwaga zege, amevuta umeme na maji, lakini Merv aliiegesha karavani nje ya geti, barabarani, chini ya taa, akala chakula cha sikukuu, akaosha vyombo, na baada ya siku mbili akaondoka. Hilo lilimuuma sana Narelle, akaamini baba yake anaipenda lami kuliko yeye, na Krismasi ya mwaka 2022 alimuuliza pale nyumbani kwake kuna kitu gani kinachomkimbiza, mzee akajibu kwamba njia inamwita, basi, Narelle akaingia ndani, na Krismasi iliyofuata hakumpigia simu, na Merv alikula sikukuu yake peke yake karibu na Kimba, sardini za kopo, ndani ya karavani yenye vikombe viwili.

Tarehe 11 Machi 2024 dereva mmoja wa lori alimkuta karibu na Wudinna ameshika kifua, ndege ya madaktari ikamfikisha hospitalini Adelaide, na ni huko, Narelle akiwa amemshika mkono na Colin akijifanya anasoma gazeti, ndipo alipofungua mdomo.

"Siwezi kuirudisha nyuma, mwanangu. Nikitazama kioo mama yako hayupo, mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Nilijaribu pale kwako siku moja mkiwa kazini, nikagonga nguzo ya geti."

Nguzo hiyo Narelle alikuwa amewatukania watu wa gari la taka miaka mitatu, akacheka, kisha akalia.

"Miaka yote hiyo, baba. Ungeniita tu nikusimamie."

Akajibu kwamba aliona aibu, na aibu hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyomlaza nje ya nyumba ya mwanawe, na Colin bado ana hasira naye na atakuwa nayo.

Madaktari waliahidi kumruhusu Ijumaa, Brett akaifuata karavani Wudinna, na Jumatatu tarehe 22 Aprili Narelle alisimama nyuma yake, Brett kwenye usukani, wakaiingiza uani, kisha Narelle akaenda kumwambia baba yake kwamba imeingia, naye akauliza kama imenyooka, Narelle akasema imenyooka, mzee akaitikia kwa kichwa, na alfajiri ya Jumatano tarehe 24 alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, rubani, dereva wa lori aliyekaa naye hadi ndege ikatua na asituachie hata jina, majirani wa Narelle walioivumilia karavani mlangoni pao, wenzake wa karakana, na yeyote aliyewahi kumwinulia kidole barabarani.

Baada ya mazishi chai iko kwa Narelle, na karavani mtaiona, imekaa mshazari, gurudumu moja liko juu ya maua, na kwa kuwa watu wa kambi tunawajua, Narelle anaomba mtu yeyote asije akainyoosha.

Merv, umeshaingia ndani, zima gari, upumzike kwa amani.