Breki za Obunga na Kibao cha Mteremkoni

Mgeni rasmi, Daktari Lornah Amolo, msimamizi wa hospitali hii; wauguzi, wazee, akina mama wa soko, na wenzetu wa baiskeli: hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Sisi waendesha baiskeli za abiria wa stegi ya Obunga, leo Mei 1996, vifua vimetujaa fahari. Karibu, Daktari, kwenye kibanda hiki tulichojenga karibu na lango lako ili wagonjwa wasinyeshewe wakisubiri kurudi nyumbani. Mabati tumepigilia sisi wenyewe. Yakivuja, tuulize sisi.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 1993 tukiwa tisa. Mwenyekiti wetu, Nicodemus Wakhisi, yule aliyeketi mbele na fimbo, alijifunza kazi hii Busia mpakani, akaja Kisumu na baiskeli moja na maneno mengi. Leo tuko thelathini na wanne.

Hatukatai kwamba tulikuwa na kelele. Breki zetu ni raba inayobana rimu ya chuma, na rimu ikilowa, raba hupiga yowe. Watu watano wakishika breki pamoja mbele ya lango lako, hata aliyetoka kwenye upasuaji angekaa kitako. Aprili mwaka jana ulituandikia barua, ukatupa wiki mbili tukomeshe kelele hizo. Hukukosea.

UKWELI KUHUSU KUANGUKA KWA MWENYEKITI

Barua ile ilimchoma Wakhisi. Yeye ndiye aliyetuambia baiskeli ni kazi ya heshima, na sasa tulikuwa tunafukuzwa kama mbuzi walioingia kwenye maua. Akaenda kwa Mama Benta Adero, anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, pale Obunga, akaomba mafuta ya samaki yaliyobaki kwenye karai. Akayapaka rimu zote mbili, akazunguka stegi mara tatu akishika breki polepole. Kimya! Tukampigia makofi, na wengine wetu tukakimbilia makopo ili nasi tugawiwe.

Abiria wake wa kwanza alikuwa Mama Benta mwenyewe, akimpelekea binti yake uji wodini. Mvua ilikuwa imeanza. Katikati ya mteremko huu wa kuja hospitali Wakhisi alikaza breki, na baiskeli ikazidi kwenda.

"Wakhisi, simamisha! Si geti ndio hiyo imefika!"

"Mama, breki imekataa! Shika mimi kabisa!"

Mbele yao wagonjwa walikuwa wakivuka barabara. Wakhisi aliwaona, akakata kona akajitupa kwenye ua wa michongoma, akatanguliza mguu wake ili mama asiumie. Mama Benta alitoka na uji kwenye nywele zote. Mguu wa Wakhisi ulivunjika.

Mama alimwangalia pale chini, akamwambia, "Wewe umekaanga magurudumu kama samaki. Sasa breki ilikuwa ishike nini?"

Daktari, ni wewe uliyemfunga plasta. Ulipomuuliza kilichotokea, alisema tairi lilipasuka. Aliona haya, na sisi tukanyamaza pamoja naye. Ukaamini tunateremka ovyo, ukasimamisha kibao kule juu: BAISKELI ZA ABIRIA MWISHO HAPA. Leo yeye mwenyewe ametuagiza tuseme mbele ya watu kwamba tairi halikupasuka. Tunakuomba radhi, yeye na sisi.

TULIYOYAFANYA

Wakhisi alikaa na plasta yake kwa Mzee Absalom, fundi wetu, miezi miwili. Kila mvua iliponyesha alituita tupite mbele yake tukishika breki, naye anasikiliza huku amefumba macho. Tulimcheka. Lakini alitoka pale na dawa.

Kwanza, rimu huoshwa kwa maji moto, sabuni na jivu, na anayetoka kubeba samaki haigusi kabla ya kunawa. Pili, raba iliyong'aa hupigwa msasa. Tatu, fundi anapokaza breki huchomeka kipande cha jalada la daftari kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, kisha hukitoa, ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza. Nne, kila mmoja wetu ana kitambaa chini ya kiti. Mvua ikinyesha, tunasimama juu ya mteremko, tunapangusa rimu, ndipo tunaanza safari. Asiyepangusa habebi mtu siku hiyo, hata akiwa mwenyekiti.

Tangu Agosti mwaka jana hakuna abiria wetu aliyeanguka. Tunajivunia hilo, na hatuoni haya kulisema.

CHANGAMOTO

Kutoka kwenye kibao hadi langoni ni hatua mia tatu na arobaini. Wakhisi amezihesabu kwa mguu ule ule. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na wagonjwa wanazitembea.

Mwezi uliopita alimleta Seline, aliyekuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua. Walipofika kwenye kibao, Seline alimwambia, "Baba, si upite tu? Nani atakuona?"

Wakhisi alijibu, "Mimi nilidanganya hawa watu mara moja. Sirudii."

Akalaza baiskeli, akambeba mgongoni huku anachechemea. Mtoto alizaliwa hatua arobaini kabla ya lango, kwenye majani, chini ya mwavuli wa mpita njia. Wote wawili wazima, wako hapa. Lakini Wakhisi tangu siku hiyo hapiti pale bila kugeuza uso, na sisi tunaogopa mwingine hatakuwa na bahati ile.

OMBI

Tuna ombi moja. Hatusemi kibao king'olewe. Tunaomba kishushwe hadi hapa langoni. Maneno yake yabaki yale yale, ni mazuri.

Huenda unajiuliza kama dawa ya Wakhisi ni ya kweli. Asubuhi ya leo, kwa ruhusa ya karani wako ya siku moja, viti hivi mlivyokalia vililetwa kwa baiskeli. Wewe ulikuwa umeshafika, umeinama unaandika jina kwenye kitabu chetu cha wageni. Mvua ilikuwa inanyesha. Baiskeli kumi na moja ziliteremka na mizigo, zikashika breki nyuma yako, na ya mwisho ilikuwa ya Wakhisi. Sisi wote tulikuwa tunakutazama wewe.

Daktari, hukugeuka.

Mungu akulinde, awape nafuu wote waliolala wodini, na mtoto wa Seline akue apande baiskeli.

Ni sisi,
Kikundi cha Waendesha Baiskeli za Abiria, Stegi ya Obunga, Kisumu.
Imesomwa kwa niaba yao na Dishon Opondo, katibu.