Kadi Nambari Moja ya Mama Nelima

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Aliye na chai, aendelee kunywa polepole. Leo tunamkumbuka Brigid Nelima, mkutubi wa maktaba ndogo ya mtaa pale Huruma, hapa kwetu Eldoret. Brigid Nelima, mkutubi kwa miaka ishirini na saba. Presha ilimzidi, akatuacha akiwa na miaka hamsini na minane. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Kama ulikulia Huruma, unamjua. Ni yule mama wa sweta ya kijani aliyekunyamazisha kwa kukutazama tu. Mimi mwenyewe alinitoa nje mara mbili, na mara zote mbili nilistahili.

Maktaba ile hujaa asubuhi na mapema. Lakini wengi wanaoijaza huja na madaftari yao wenyewe. Wanataka kiti, meza na kimya, maana nyumbani ni chumba kimoja na watu sita. Vitabu havina habari nao, nao hawana habari na vitabu. Hilo halikumkera Nelima hata kidogo. Alisema mtu akizoea kukaa karibu na vitabu, ipo siku mkono utanyooka wenyewe. Kilichomnyima raha ni rafu moja tu, ile ya nyuma karibu na dirisha.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Maktaba ile ina kanuni. Kila kitabu kina karatasi iliyobandikwa nyuma, na kila kikiazimwa, karatasi hiyo inapigwa muhuri wa tarehe na kuandikwa nambari ya kadi ya msomaji. Kitabu kikimaliza miaka mitano bila muhuri, basi. Kinatiwa kwenye gunia na kuuzwa kwa kilo. Wiki inayofuata unafungiwa mandazi kwa ukurasa wake.

Na rafu ya nyuma ilikuwa na vitabu kama mia tano ambavyo hakuna aliyewahi kuviulizia. Magonjwa ya kondoo. Bandari za nchi za baridi. Namna ya kufuma vikapu kwa mkono mmoja. Nelima akafanya nini? Akajiandikisha kuwa msomaji, kadi nambari moja. Kila baada ya wiki mbili alibeba vitabu vinne nyumbani, na kila kimoja alikipiga muhuri kwa kadi yake.

Afisa mmoja wa ukaguzi aliligundua jambo hilo. Akamwita, akamwonyesha karatasi zote, kadi ni ile ile moja tu. Nelima hakubabaika.

"Mimi pia ni msomaji," akamwambia. "Nina kadi."

Afisa alitafuta kanuni ya kumkataza mkutubi kusoma, akaikosa. Akafunga faili, akaenda zake.

Na msidhani mama huyu alikuwa mjanja wa muhuri. Hapana. Alikataa katakata kupiga muhuri kitabu asichokisoma. Muulizeni mume wake, Mzee Wabuge, seremala wa hapo hapo Huruma. Mzee Wabuge aliniambia kwamba siku moja, nyama iko mezani, mkewe alimweleza mwanzo hadi mwisho jinsi minyoo inavyoingia kwenye ubongo wa kondoo. Mzee akaweka kijiko chini, akala ugali mtupu na mboga. Yeye hakuwahi kukanyaga maktaba. Mkewe alimbembeleza miaka nenda miaka rudi, naye akasema mbao zinamtosha.

Kuna mwaka Nelima alifanyiwa upasuaji, akakaa nyumbani miezi mitatu. Aliporudi kazini alikuta pengo kwenye rafu. Vitabu kumi na kimoja vilikuwa vimeshaenda na gunia. Aliingia stoo akafunga mlango, akalia. Jioni alimtajia mumewe vile vitabu kimoja kimoja, kama mtu anayetaja jamaa.

"Nilimcheka," Mzee Wabuge aliniambia. "Nikamwambia, mama, hivyo vitabu hata havikujui. Leo nikikumbuka hicho kicheko, naona aibu."

Lakini ngojeni. Miongoni mwa vitabu alivyookoa kulikuwa na kimoja cha kutengeneza vinanda vya kanisa, vile vya kukanyaga kwa miguu. Miaka kumi na tisa, muhuri wote uliokuwemo ni wa Nelima. Halafu siku moja akaingia Mzee Kipkemboi, mkulima kutoka Sugoi, kofia mkononi. Kinanda cha kanisa lao kilikuwa kimekufa tangu zamani, na mafundi wote walikuwa wamemwambia akichome kuni. Akauliza kama kuna kitabu cha kumsaidia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nelima hata hakufungua kabati la kadi. Alitembea moja kwa moja hadi dirishani.

Jumamosi iliyopita kinanda hicho kililetwa msibani juu ya pikapu, kimefungwa kwa kamba na blanketi. Mzee Kipkemboi alikipiga mwenyewe. Nilikuwepo, na sikuweza kujizuia.

Wasikilizaji wapendwa, Nelima alipofariki alikuwa na vitabu vinne kando ya kitanda. Jumatatu hii Mzee Wabuge alivifunga kwenye gazeti, akavipeleka maktaba. Mara yake ya kwanza. Alimkuta Vincent Wanyoike, kijana aliyeshika nafasi ya mama. Vincent alimweleza ukweli bila kumficha: hesabu ya mwaka ni Ijumaa hii, na rafu ya nyuma ina vitabu kumi na vinne ambavyo miaka mitano yake inaisha siku hiyo. Mama alikuwa anapanga kuvianza wiki ile aliyoanguka.

Mzee akauliza mtu anapataje kadi.

Vincent akafungua droo ya Nelima kutafuta fomu tupu. Juu kabisa akakuta moja iliyojazwa, karatasi yake imegeuka manjano. Jina, Wabuge. Kazi, seremala. Mdhamini, Brigid Nelima, na sahihi yake. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na sita iliyopita. Palibaki mahali pamoja tu patupu, pa sahihi ya msomaji.

Mzee Wabuge alitia sahihi. Kati ya vile kumi na vinne akachagua vinne, maana kadi moja hairuhusu zaidi, Vincent akavipiga muhuri. Jana nilimpigia simu. Aliniambia yuko ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha bandari, kwamba ni kigumu sana, na kwamba hataruka hata mstari.

Kwako Mzee Wabuge, kwa watoto na wajukuu, kwa wote waliowahi kunyamazishwa na Mama Nelima, sisi hapa redioni tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize ni nini tunachokipita kila siku bila kukinyooshea mkono.

Leo ni Jumatano. Pale dirishani vimebaki kumi. Maktaba inafungwa saa kumi na moja jioni, na muhuri uko mezani.