Mawe Yalikuwa Tumboni Mwangu, Si Kwenye Friji la Mama Saidi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na kila aliyekula bada mwaka ule aitikie kwa nguvu. Mnaukumbuka. Mvua iliozesha viazi vyote ardhini, mahindi yakatoa majani matupu, tukaletewa unga wa muhogo kutoka kule chini Mombo. Tukasonga bada asubuhi, bada jioni, mpaka wajukuu wangu wakawa wanauliza kama duniani kuna chakula kingine. Ndio mwaka nilioanza sindano.

Mimi sikusoma. Niliacha darasa la pili nikalee wadogo zangu. Lakini nimezaa saba, nimewasomesha kwa kabichi nilizobeba kichwani kwenda sokoni Mlalo, na hakuna aliyewahi kunipangia la kusema. Kwa hiyo leo mnisikilize mpaka mwisho, hata ninyi mliokuja kusikia jina.

Kisukari ninacho miaka mingi. Vidonge vilishindwa kukishusha. Binti yangu Neema, anayefanya kazi Dar es Salaam, akanipeleka kwa daktari huko, nikaandikiwa sindano ya kujidunga tumboni mara moja kwa wiki, imetengenezwa kama kalamu. Ilitakiwa ikae kwenye baridi, na nyumba yangu haina friji. Kwetu mwenye friji ni Mama Saidi, jirani yangu wa miaka arobaini, anauza maziwa ya mtindi. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri. Kila Jumatano nilikuwa naenda kwake, ananitolea kalamu yangu katikati ya chupa za mtindi, ananiambia, "Haya Mama Neema, funua kitambi." Nafunua. Tunacheka.

Sukari ilishuka, na mimi nikashuka nayo. Miezi michache tu nguo zote zikanipwaya, sketi nikawa naifunga kwa kamba. Chakula sikitaki. Wengine mkanisifu, wengine mkanong'ona. Halafu maumivu yakaja, hapa kulia, chini ya mbavu, yakapanda mpaka begani. Nikigusa chochote chenye mafuta, ndani nakamuliwa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Natapika mpaka machozi.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akanipeleka hospitali. Daktari ni kijana, akaniamkia vizuri, akauliza, "Bibi, unatumia dawa gani nyingine?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea. Wifi alikuwa amekaa pembeni yangu, na njia nzima alikuwa ananichokonoa: "Hiyo dawa yako inayolala kwa Mama Saidi, una hakika inalala peke yake?" Nikajua nikiitaja sindano, nimempa kamba ya kumfungia jirani yangu. Nikasema natumia vidonge tu. Nilimdanganya daktari nikidhani namlinda mtu. Akanitibu vidonda vya tumbo. Angefanya nini, na mimi nimemficha? Nikarudi nyumbani, na Jumatano nikajidunga tena.

Maumivu yakarudi kwa hasira, na homa juu yake. Ukoo ukakusanyika sebuleni kwangu. Desturi yetu mnaijua: mgonjwa akizidiwa, anaulizwa mwenyewe anamshuku nani kumroga, maana jina likitoka kinywani mwa mgonjwa hakuna wa kulipinga. Shemeji yangu mkubwa akasema, "Taja tu, shemeji. Wewe taja, mengine tuachie sisi." Wifi akadakia, "Mbona liko wazi? Dawa yake anakaa nayo nani?"

Mengine tuachie sisi. Hayo mengine nayajua. Nilikuwa msichana nilipoona mama mmoja ametajwa hivyo. Hakuna aliyempiga. Waliacha kumsalimia, wakaacha kununua ndizi zake, hata watoto wakawa wanavuka njia wakimwona. Akashuka na mzigo wake kichwani, na mlima huu hakuupanda tena. Mama Saidi mngemfanyia hivyo hivyo, halafu Jumapili mngekuja humu kuimba kwaya.

Nikainuka, nikakaa kitako pale kwenye mkeka, nimeshika ubavu, nikawaambia: "Simtaji mtu. Kama mnataka jina, chukueni langu."

"Basi kufa na ubishi wako," wifi akasema.

"Nikifa nao, wewe ndiye utakayepika msibani," nikamjibu.

Kesho yake homa ikanizidi, nikabebwa kurudi hospitali sijitambui vizuri. Ndipo Mungu alipofanya kazi yake, wala hakutuma malaika mwenye mabawa. Alimtuma Mama Saidi. Aliingia wodini na kikapu, akampita wifi yangu bila hata kumwomba njia, akaweka boksi la sindano mbele ya daktari. Alijua anasemwa. Alijua kulileta boksi lile ni kujileta mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, huyu anajidunga hii kila Jumatano, na inakaa kwenye friji langu. Kama kuna kosa, anza kuniuliza mimi."

Daktari akalisoma boksi, akanigeukia. "Bibi, mbona hii hukuniambia?"

"Nilikuwa mjinga," nikasema.

"Mjinga kweli," akasema Mama Saidi, na machozi yanamtoka.

Nikapigwa altrasaundi. Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa vijiwe na umevimba. Daktari akaeleza taratibu, na wifi anasikia: sindano hizi zinawasaidia watu wa sukari, lakini kwa baadhi yao zinaweza kuleta shida kwenye mfuko wa nyongo, na kukonda haraka nako kunaweza kuleta vijiwe. Akasema kwangu mimi hawezi kuapa kwamba ndio sababu, maana hata wasiojidunga wanapata vijiwe. Ila kwamba kuna mtu ametia kitu, hilo akalicheka. Wakanipasua, wakautoa mfuko. Sindano ikasimamishwa, nikapewa dawa nyingine ya sukari. Leo nimesimama mbele yenu, na kilima cha kanisa nimekipanda kwa miguu yangu mwenyewe, sikushikwa mkono. Utukufu ni wa Bwana peke yake.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wenzangu wenye sukari. Mtumainini Mungu huyu, hamtaaibika. Lakini usipige magoti kuomba uponyaji huku dawa unayojidunga umemficha daktari. Kama unatumia sindano hiyo na ubavu wa kulia unauma, usikae nayo kimya, usiitupe jalalani kwa akili zako, usimtafute mganga. Nenda hospitali ukaseme kila unachomeza na kila unachojidunga, hata kama aliyekusindikiza atanuna. Mimi kuufumba mdomo nusura kunizike.

Lakini kuna mahali pengine nitaufumba mpaka siku ya mwisho. Wiki hii wamekuja nyumbani kwangu watu wa humu humu, wanasema ushuhuda wangu haujakamilika mpaka niseme adui alimpitia nani. Wifi yangu yule pale, safu ya tatu, bado anasema daktari hakuapa. Ni kweli, hakuapa. Na Mama Saidi yuko kule nyuma karibu na mlango, na ushungi wake. Nimemwalika mimi. Geukeni mumtazame vizuri. Mkitoka mumpe mkono, na mtindi wake mwendelee kuununua, na anayetaka kumwita mchawi aanze na mimi niliye hai kwa ajili yake. Bwana hakunitoa kaburini ili nikamzike jirani yangu. Tangu nisimame hapa mnangoja jina. Pale mkekani niliwajibu nikiwa mgonjwa, mkasema ni homa. Leo sina homa.

Simtaji mtu. Kama mnataka jina, chukueni langu.