Mwanamke Aliye Nyuma ya Mpiga Kinubi

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2024, huku Cato Manor, Durban, ulisikika mlio mmoja, patasi ndogo ya kuchongea shaba ikianguka sakafuni, na baba yetu mdogo, Athanase Nimbona, akawa ametutoka, baada ya kuugua moyo miaka miwili.

Mimi ni Audace, mtoto wa kaka yake, nasoma historia ya marehemu kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1961 huko Ngozi, Burundi, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha akajifunza uchapaji Bujumbura, ambako alizipenda picha za Waitalia wa karne ya kumi na sita, zilizochongwa kwenye bamba la shaba, zikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, zikisimulia mapenzi ya miungu na watu wa Ugiriki ya kale.

Alifika Durban mwaka 1996, akachonga vibao vya mashine kiwandani Jacobs, akamwoa mama Bernadette tarehe 12 Agosti 2000, wakajaliwa binti, Inès.

Nyumbani alinakili picha moja tu, tena na tena, ya mpiga kinubi anayemtoa mkewe kuzimu, aliyekatazwa kugeuka kumtazama, akageuka, akampoteza. Kanisani kwetu Point tuliitundika karibu na madhabahu, tukidhani ni Mfalme Daudi, mpaka mama mmoja wa kwaya akauliza, "Eish, papa Athanase, Daudi iko sawa, lakini huyu madame nyuma yake ni nani?" naye akajibu, "Ni mtu wa njiani."

Tulijua kwamba alikuwa na mke kabla, ambaye walipotezana wakikimbia vita mwaka 1993, baba mdogo akiwa mbele. Jina lake hakututajia kamwe, na hadi leo hatuelewi kama alijilaumu kwa kugeuka au kwa kutogeuka. Kwetu historia hii humtaja kila mke, asiyetajwa huwa amezikwa mara ya pili, kwa hiyo jana, tukiiandika, tulipofika kwenye ndoa, tulikwama. Inès akasema, "Basi tusisome kabisa." Mama Bernadette akamjibu, "Mtasoma, binti yangu. Hilo jina niachieni mimi, alilitaja siku homa ilipompanda, na nimelibeba peke yangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cato Manor, wenzake wa Jacobs, na kwaya iliyoimba siku zote za matanga. Baba mdogo, amani iwe mto wa kichwa chako, wewe na mkeo wa kwanza.

Mama, tafadhali, simama ututajie jina lake.

"Ninahazwe."